Umefungiwa Nje? Bonyeza Mbili Uongee na Bibi

Fundi amepiga magoti mbele ya mlango wa watu, shavu kalibandika kwenye mbao utadhani anasikiliza umbea wa ndani. Mkono wa kulia unachezesha waya mwembamba kwenye tundu la ufunguo. Wa kushoto umekigusa kitasa taratibu, kama mzazi anayempima mtoto homa.

Nyuma yake, kwenye korido ya ghorofa ya tatu, kasimama mwenye nyumba na taulo kiunoni. Taulo tu. Alitoka kuangalia nani kagonga, upepo ukaingia kwa dirisha la jikoni, mlango ukajibamiza. Funguo ziko ndani, suruali iko ndani, simu iko ndani.

Sikioni ana simu aliyoazima kwa jirani, na wala hana haraka.

"Ndiyo bibi, kashafika," anasema. "Hapana, sijakaa kwenye ngazi, si umesema baridi ya saruji inapanda mgongoni? Nimesimama. Taulo ni kubwa bibi, usijali. Linafika magotini."

Tak. Kitasa kimekubali. Mwenye taulo anateleza ndani, halafu anachomoza kichwa.

"Fundi, bibi anasema umetoka nyumbani bila kunywa chai. Anasema usidhani hajakiona kikombe."

Fundi anajifanya hajasikia, anakusanya waya zake. Kabla hajafunga begi simu inaita mfukoni mwake. Anaingiza mkono, lakini mlio unakatika baada ya mara mbili. Mkono unatoka mtupu, na yeye anatabasamu.

"Mkwe kachukua," anasema. "Mimi bado natafuta mfuko uko wapi, yeye kashamuuliza mtu ana watoto wangapi."

Mtaani anaitwa Kitasa, na hata mke wake akikasirika anamwita hivyo hivyo. Ana miaka arobaini na kitu. Kibanda chake kimebanwa katikati ya fundi viatu na duka la vocha, na ukisimama mlangoni unaona funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia ukuta mzima, ukipita upepo zinaimba.

Kuchonga funguo ndiko kunakoleta mboga ya kila siku. Lakini pesa yenyewe iko milangoni. Kumfungulia mtu mmoja aliyejifungia nje kunalipa sawa na kuchonga funguo kumi na tano. Wiki tulivu anapata milango minne, wiki nzuri minane.

Shida ilikuwa simu.

"Kazi hii haitaki kukatishwa," anaeleza. "Ndani ya kitasa kuna vipini vidogo, unaviinua kimoja kimoja. Umefika cha nne, simu hiyo. Ukiachia waya upokee, vyote vinarudi chini, anza upya. Usipopokea, yule aliyesimama nje ya mlango wake hakusubiri. Anapiga kwa mwingine."

Kwa hiyo kila siku alikuwa anapoteza kimoja, ama kitasa ama mteja. Halafu siku moja, ameinama juu ya mtaro anachomoa kufuli la geti, simu ikachomoka mfuko wa shati. Chubwi. Ikaenda na laini, na namba ile ile aliyoipaka kwa rangi kwenye mlango wa kibanda na kuibandika kwenye mageti nusu ya mji.

Mke wake ni msusi. Saluni hakuna habari inayopita bila kusimama, na humo humo ndimo alimosikia kuhusu huduma ya simu ya mtandao. Jioni akamletea mume wake habari hiyo pamoja na chakula.

"Namba haikai kwenye laini, inakaa mtandaoni," akamwambia. "Simu ikizama, unaingia kwa simu nyingine, namba unaikuta pale pale."

"Mtandaoni wapi?"

"Kula kwanza."

Baada ya kula akamwelewesha. Namba ni moja, ila inaita kwenye simu nyingi kwa wakati mmoja, popote zilipo, ilimradi zina bando. Wa kwanza kupokea ndiye anayeongea, simu za wengine zinanyamaza. Mteja akitaka fundi mwenyewe, unabonyeza anahamishiwa kwake. Wote wakishindwa kupokea, sauti inamwomba aache ujumbe, na huduma inaugeuza ule ujumbe kuwa maandishi. Kitasa anausoma hata mikono ikiwa imejaa grisi.

Kuna kingine. Ukifungua programu yenyewe unakuta ukurasa wenye jina la kila anayepokea, na pembeni ya kila jina kuna swichi. Ukiiwasha, simu yake inaita. Ukiizima, haiiti. Kaswichi hako ndiko kalikokuja kuleta balaa.

Wakaihamishia huko namba ile ile ya zamani, na mwanzoni iliita kwa wawili tu, fundi na mkewe. Ila msusi naye ana mikono mingapi? Akiwa katikati ya kichwa cha mtu, nywele kashika kwa vidole vyote, simu inaruka ruka mezani. Siku moja akaipokea kwa kidevu, akaidondosha kwenye beseni la maji ya moto.

"Tunahitaji mtu mwenye mikono mitupu," akasema.

Wakatazamana. Halafu wakatazama mlango wa sebuleni.

Sebuleni alikuwa mama yake msusi, mkwe wa Kitasa. Alikuja kukaa nao wakati goti lake la kulia lilipogoma kupanda ngazi za kwake, akisubiri zamu ya upasuaji. Mguu uko juu ya kigoda, shali mabegani, na kutwa nzima anahesabu wapita njia kupitia dirishani. Mama huyu alifanya kazi miaka yote ya ujana na uzee wake kwenye chumba cha mizigo, stendi ya mabasi. Ndiye aliyekuwa anapokea mabegi, anayafunga tagi, na ndiye waliyekuwa wanamlilia waliopoteza vitu.

Akapewa simu ya tatu. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akavaa miwani, akasubiri.

Ilipoita mara ya kwanza, msusi alikuwa ameshamfundisha namna ya kusema: karibu Kitasa Funguo na Kufuli, tukusaidie nini. Mama akabonyeza, akasogeza mdomo karibu.

"Haloo. Umefungiwa wapi, mwanangu?"

Na hajawahi kusema vingine mpaka leo.

Hapa lazima ieleweke kitu kimoja. Kitasa anamheshimu mkwe wake mpaka inachekesha. Kabla ya kuingia sebuleni kwake mwenyewe anakohoa. Hajawahi kukunja nne mbele yake. Baada ya "shikamoo mama" na "marahaba baba", maneno mengine yote yalikuwa yanapitia kwa mke, hata kama wote watatu wako meza moja.

"Mwambie mama chumvi imezidi kidogo."

"Si huyo hapo, mwambie."

"Basi, imekaa vizuri."

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo, siku alipogundua mkwe wake anamfukuzia wateja.

Hakuwa anawafukuza kwa ubaya. Alikuwa anawapatia funguo zao.

"Mtu aliyepoteza kitu hatafuti, anakimbia," mama anaeleza, kidole kinagonga mkono wa kiti. "Ukimtuliza, anakiona. Nawauliza tu. Kabla ya mlango ulikuwa umeshika nini? Mkono upi? Uliposimama kupokea simu, vile vitu uliviweka wapi? Hebu toa kila kitu kwenye mkoba, kiweke chini hapo, nasubiri."

Na wanatoa. Kijana mmoja alikuta ufunguo umezama ndani ya mfuko wa mkate aliotoka kununua. Mwalimu alikuta wake umeshikilia nywele zake mwenyewe. Mmoja alikuwa nao mdomoni, ndiyo maana mama alikuwa hamsikii vizuri.

Kitasa, yeye, anaendesha pikipiki kutoka upande wa pili wa mji, drili mgongoni, jasho mpaka kwenye soksi. Anafika, mlango uko wazi, mteja kakaa ndani ananyoosha miguu.

"Aa, fundi. Tumeupata na bibi. Karibu maji."

Maji alikunywa mengi kipindi kile. Ikafika wiki moja milango mitatu kati ya saba ilifunguliwa kwa mdomo wa mkwe, na mafuta ya pikipiki hayajui kama mlango umefunguka au la.

"Mwambie mama yako," akamwambia mke wake, sauti ya chini, jikoni.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba asiwasaidie sana."

Msusi akamtazama. "Hayo maneno hebu yarudie taratibu, uyasikie mwenyewe."

"Basi mwambie kwa namna nyingine."

"Laini ni yako, biashara ni yako, mkwe ni wako. Mwambie wewe."

Hakuweza. Mtu anayeshindwa kusema chumvi imezidi atasemaje hilo? Ndipo akakumbuka swichi. Akajifungia chooni na simu, akafungua ukurasa wa majina, akakaa akiangalia lile neno "Mama" na kile kitaa cha kijani pembeni yake. Akakigusa. Kikawa kijivu. Akavuta maji ingawa hakuwa ametumia choo, akatoka.

"Nilijiambia ni wiki moja tu, nipumue," anasema sasa, na anazungusha ufunguo kidoleni, haangalii mtu. "Na nilijiambia hatagundua. Kwamba atapumzika."

Mama hakupumzika.

Siku ya kwanza alifurahi, akasema watu wameanza kuwa makini na vitu vyao. Siku iliyofuata akasema ni mtandao. Akaizima simu akaiwasha. Akaipangusa kwa pindo la shali. Akamtuma mtu dukani amnunulie bando, akaweka juu ya bando. Alipokwenda kuoga alimwachia mlango wazi bintiye na maagizo: ikiita, usiikate, nipigie kelele. Haikuita.

Halafu akaanza kuwa na wasiwasi na biashara.

Jioni moja chai ikaja, mama akalisukuma pembeni bakuli la sukari.

"Mama, huweki?" binti akauliza.

"Nimezoea tu kujaza. Tubane kidogo." Akageukia kikombe chake. "Na mwambie mwenzio asivunjike moyo. Kazi zina msimu wake. Watarudi."

Kitasa alikuwa amekaa pale pale, mkate mdomoni.

Ukweli ni kwamba wateja walikuwepo, na kwake mambo yalikuwa yameharibika vibaya. Vipini vinne juu, simu inaita, vinarudi chini. Msusi naye alikuwa anaitwa kila saa, na hakuwa mjinga.

"Mbona siku hizi simu zote naangukiwa mimi?" akamuuliza. "Mama kakaa nayo mapajani kutwa, hapokei hata moja?"

"Mtandao."

"Mtandao umemchagua mama peke yake?"

Akakohoa, akatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo.

Ujumbe ukaanza kurundikana. "Nimepiga hampokei, nimepata mwingine." "Samahani fundi, kashakuja mtu." Na katikati ya hizo, nyingine za ajabu, kutoka kwa watu ambao hawakufungiwa popote. "Nilitaka tu kumwambia bibi nimefaulu usaili." "Yule bibi anaumwa? Mpeni pole."

Kisha ikaja ya mtoto. Binti wa miaka minne kajifungia bafuni, komeo kalisukuma mwenyewe, hajui kulirudisha, na analia mpaka anakwama pumzi. Mama yake anampokea Kitasa mlangoni na simu mkononi.

"Si mna yule bibi? Mwaka jana dada yangu alipatwa na hivi hivi, bibi aliongea na mtoto kwenye simu mpaka fundi akafika. Nimepiga, nimepiga, yuko wapi?"

"Yupo," akasema Kitasa. "Mtandao tu."

Akafanya kazi huku kile kilio kinatoka kwenye tundu la ufunguo moja kwa moja usoni kwake. Mtoto alikuwa anaupiga mlango, kila akiupiga waya unateleza. Alifungua, mtoto mzima, kila mtu akashukuru. Ila aliporudi kwenye pikipiki alikaa juu yake muda bila kuiwasha.

Siku hiyo hiyo, nyumbani, mama alikuwa amefikia mwisho wa subira. Akaomba fimbo yake. Goti lile lile lililogoma ngazi likatembea, hatua na kupumzika, hatua na kupumzika, mpaka duka la vocha karibu na kibanda cha mkwewe. Kibanda kimefungwa, mwenyewe yuko kazini. Muuza duka akamvutia kiti.

"Bibi, mbona umejitesa hivi?"

"Niazime simu yako, mwanangu. Nataka kujaribu kitu."

Akaiweka simu yake mwenyewe juu ya meza ya duka, chaji imejaa, bando juu ya bando. Akachukua ya muuza duka. Akaangalia namba iliyopakwa rangi kwenye mlango wa kibanda, akaibonyeza tarakimu moja moja. Akaweka sikioni.

Ikaanza kuita. Yeye anasikia inaita.

Na ile iliyokuwa mezani ikakaa kimya.

Muuza duka anasema bibi aliiangalia tu ile simu, jinsi mtu anavyomwangalia rafiki aliyepita bila kusalimia. Huko kazini fundi alikuwa na waya tunduni, saluni msusi alikuwa na kichwa mikononi, hakuna aliyepokea. Ikaja ile sauti: acha ujumbe wako baada ya mlio.

Bibi akasogeza mdomo karibu.

Kitasa aliusoma ujumbe akiwa kwenye korido ya jengo la ofisi, amemaliza kitasa, anafuta mikono. Maandishi yalikuja kama ya mteja yeyote, kutoka namba asiyoijua. Akasoma mstari mmoja, akaacha kufuta mikono. Akabonyeza asikilize sauti yenyewe. Bado anao, na ukimwomba sana anakusikilizisha.

"Haloo, fundi. Mimi ni mteja. Nimefungiwa nje. Asubuhi mlango ulikuwa wazi, nilikuwa naingia na kutoka vizuri tu, sijui nani kapita akaufunga. Sijapoteza ufunguo, maana sikuwahi kupewa. Najua una kazi nyingi, mimi sina haraka, nimekaa. Ukipata nafasi uje ufungue. Na kama umefungwa kwa makusudi, pia uje uniambie, nijue nisikae mlangoni pa watu. Chai ipo."

Aliendesha pikipiki akiwa kasahau kufunga begi. Bisibisi mbili hazijapatikana mpaka leo.

Mama alikuwa amesharudi kwenye kiti chake, mguu kwenye kigoda. Kitasa hakukohoa safari hii. Alisimama nje ya mlango wa sebule yake mwenyewe, begi begani, akagonga.

"Hodi."

"Nani?"

"Fundi. Nimeitwa hapa, kuna mteja kafungiwa."

Kikombe kikagusa sahani.

"Umechelewa, fundi."

"Nimechelewa, mama. Nisamehe."

"Ingia basi, usifungue kwa kusimama huko."

Akaingia, akaweka begi chini, akakaa kwenye mkeka karibu na kigoda. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti wa watu, akaongea na mkwe wake bila mtu katikati. Akafungua ule ukurasa wa majina, akamwonyesha neno "Mama" na kile kitaa cha kijivu.

Mama akavaa miwani, akaisogeza simu karibu na macho.

"Haka ndiko?"

"Ndiko."

"Kadogo hivi. Na mtu anakagusa tu kwa kidole?"

"Kwa kidole, mama."

"Kwa nini, baba?"

Akamwambia yote, ya pikipiki, ya drili, ya maji aliyokunywa kwa watu. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Kitasa akaingiwa na hofu kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hiyo mtu ana ufunguo wake mfukoni, wewe ulitaka uende ukamtobolee kitasa?"

"Hapana mama. Yaani..."

"Sema, nasikiliza."

"Yaani ndiyo, kidogo."

Msusi alirudi kutoka saluni akawakuta wanacheka hivyo, mumewe kwenye mkeka, mama machozi yanamtoka, na bakuli la sukari limerudi katikati ya meza. Anasema alidhani kaingia nyumba ya watu.

"Kama ulikuwa unalo la kusema ungesema tu," mama akamwambia mkwewe. "Mimi nimegombana na makondakta miaka yote ile, nitavunjwa na wewe?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Heshima gani ya kumfungia mtu nje kimya kimya? Washa hako kaswichi. Na siku nyingine ukitaka kukagusa, bisha hodi kwanza."

Mpango walioupanga jioni ile ndio unaofanya kazi sasa. Simu akiipokea mkwe, Kitasa haanzi tena safari mpaka ampe ruhusa kwa kumhamishia mteja. Mtoto akiwa ndani au jiko likiwa linawaka, anaondoka hapo hapo na mama anabaki na mteja kwenye simu. Vinginevyo wanatafuta kwanza. Wakiupata ufunguo, mama hamwachi mtu aende hivi hivi.

"Sasa mwanangu," anawaambia, "kesho upite kibandani akuchongee wa akiba, umpe mtu unayemwamini. Maana nimekusikia, wewe utapoteza tena."

Wengine wanakuja, wengine hawaji. Fundi hadanganyi kwamba ametajirika. Anasema mafuta ya pikipiki yamepungua karibu nusu na milango imebaki minne mpaka minane ile ile. Anachoshangaa ni idadi ya wanaofika kibandani wakiwa na ufunguo mkononi na kuuliza, kabla hata ya bei, bibi anaendeleaje.

Kisha wakarekodi salamu ambayo huduma inamsikilizisha mteja kabla hajaunganishwa na mtu. Msusi aliandika maneno rasmi kwenye karatasi, mama akayasoma mara moja, akaigeuza karatasi akaweka kikombe juu yake. Ukipiga sasa unasikia sauti yake, na nyuma yake kwa mbali mtu anajizuia kucheka:

"Umefungiwa nje? Pole, mwanangu. Kama umeshatafuta kila mahali, bonyeza moja, uongee na fundi. Kama hujatafuta vizuri, bonyeza mbili, uongee na mimi."

Kitasa anakiri wanaobonyeza mbili ni wengi kuliko wa moja. Wapo wanaobonyeza mbili wakiwa wamekaa vitandani mwao, funguo ziko msumarini.

Zamu ya upasuaji wa goti imefika, ni wiki ijayo. Mama hajasema anaogopa. Kauliza tu kama wodini kuna mtandao, na kama simu inaruhusiwa, na kama mtu akiwa na mguu uliofungwa anaweza kuegemeza simu kwenye chupa ya chai. Ameshaambiwa ndiyo, ndiyo, na chupa itakwenda naye.

Lililobaki ni saa zile za upasuaji wenyewe. Hilo alilileta mwenyewe, asubuhi, wakati Kitasa anavaa viatu.

"Baba, njoo na simu yako."

Akaja, akakaa kwenye mkeka. Siku hizi pale ni pake.

"Siku ile asubuhi utanizima. Sitaki mtu apige akutane na kimya, akadhani nimemdharau."

"Sawa, mama. Kwa ruhusa yako."

"Kwa ruhusa yangu. Na kuwasha?"

Huduma inakuruhusu kupanga mapema, unaweka saa ya kuzima na saa ya kuwasha, inajifanyia yenyewe. Kitasa akaweka ya kuzima. Kidole kikasimama kwenye ya kuwasha.

"Niweke jioni ile ile? Daktari kasema utakuwa na usingizi."

"Weka jioni."

"Na ukiwa bado umelala?"

Mama akavuta shali, akatazama nje dirishani, ambako mtu alikuwa amesimama mbele ya geti anajipapasa mifuko yote, wa mbele, wa nyuma, wa shati.

"Acha iite," akasema. "Nitaamka. Mtu akikuita amefungiwa, unaamka."